Michael Faraday: Mtoto wa Mhunzi Aliyechunguza Umeme

Tazama kijiko kimoja cha chumvi na kijiko kimoja cha sukari. Vitu hivi viwili vyafanana sana. Vyote ni vyeupe. Vyote ni punje ndogo ngumu zinazometameta juani. Ukivitia majini na kukoroga, vyote huyeyuka na kutoweka machoni. Mtu asiyevionja aweza kukosea kwa urahisi, akamtilia mgeni chumvi katika chai yake.

Lakini katika sayansi hatuonji kitu tusichokijua, kwa maana vitu vingi vyeupe vinavyofanana na chumvi ni sumu. Basi, tutavitambuaje bila kuonja? Katika somo hili utasoma maisha ya mtu aliyesaidia kulijibu swali hilo. Jina lake ni Michael Faraday. Alizaliwa maskini, hakupata kusoma shule ya sekondari wala chuo kikuu, na hisabati ilimshinda mpaka mwisho wa maisha yake. Hata hivyo alikuwa mmoja wa wanasayansi wakubwa kabisa waliopata kuishi duniani.

Utoto wa Dhiki

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba, 1791, mahali paitwapo Newington Butts, karibu na jiji la London, nchini Uingereza. Baba yake, James Faraday, alikuwa mhunzi. Kazi yake ilikuwa kufua chuma na kupigilia farasi viatu. Ni kazi itakayo nguvu nyingi, na James alikuwa mgonjwa mara kwa mara. Siku ambazo hakuweza kuinua nyundo, nyumba yake haikupata kitu.

Mwaka 1801 bei ya nafaka ilipanda sana nchini Uingereza. Michael alikuwa na umri wa miaka tisa. Wakati huo alipewa mkate mmoja tu, nao ulipaswa kumtosha juma zima. Fikiri mwenyewe jinsi mtoto wa umri huo alivyojifunza kukata kipande cha leo bila kula cha kesho.

Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kidogo. Hakwenda mbali zaidi ya hapo. Alipofika umri wa miaka kumi na mitatu ilimlazimu kutafuta kazi ili awasaidie wazazi wake.

Katika Duka la Vitabu

Mwaka 1804 Faraday aliajiriwa na Bwana George Riebau, mwenye duka la kuuza na kujalidi vitabu. Mwanzoni kazi yake ilikuwa kupeleka magazeti kwa wateja. Siku hizo magazeti yalikuwa ghali, hata watu wengine waliyakodi tu. Kijana aliyapeleka asubuhi, kisha akarudi kuyachukua ili ampelekee mtu mwingine. Mwaka uliofuata Bwana Riebau alimpokea awe mwanagenzi wake kwa miaka saba, amfundishe kujalidi vitabu.

Wanagenzi wengi hushona kurasa na kubandika ngozi bila kujali kilichoandikwa ndani. Faraday hakuwa hivyo. Kila alipomaliza kazi aliketi akasoma kile alichokijalidi. Siku moja kilimfikia kitabu cha elimu ya mambo yote, ndani yake mna sura ndefu juu ya umeme. Siku nyingine alisoma kitabu cha kemia kilichoandikwa na mwanamke aitwaye Jane Marcet. Mama huyo aliandika kwa lugha nyepesi, na kueleza kila jambo kwa majaribio. Faraday hakuridhika kuyaamini yaliyoandikwa. Alitumia senti zake chache kununua vifaa, akayajaribu mwenyewe aone kama ni kweli.

Mwaka 1812 alitengeneza betri kwa mikono yake. Alikata vipande saba vya zinki, kila kimoja ukubwa wa sarafu. Juu ya kila kipande aliweka sarafu ya shaba, na kati ya jozi moja na nyingine akatia karatasi iliyoloweshwa maji ya chumvi. Umeme ukapatikana. Angalia vema jambo hilo: hakutumia maji ya sukari, alitumia maji ya chumvi. Wakati huo hakujua sababu yake. Miaka ishirini na mmoja baadaye ndiye aliyelichunguza jambo hilo kuliko mtu mwingine yeyote.

Kaka yake, Robert, ambaye alikuwa mhunzi kama baba yao, alimlipia shilingi moja moja ili aende kusikiliza mafunzo ya sayansi nyakati za jioni. Bila shilingi hizo za kaka, huenda tusingelijua jina la Faraday leo.

Kuingia Maabara

Katika jiji la London kulikuwa na taasisi kubwa ya sayansi iitwayo Royal Institution. Mwanasayansi wake mashuhuri alikuwa Sir Humphry Davy. Mwaka 1807 Davy alikuwa amepitisha umeme wenye nguvu katika potashi na soda kali, akapata metali mbili zisizojulikana kabla yake, yaani potasiamu na sodiamu. Watu wengi walikuja kumsikiliza.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka la Riebau alimpa Faraday tikiti za mafunzo manne ya Davy. Kijana alikwenda, akasikiliza na kuandika kila neno aliloweza. Nyumbani aliyanakili upya kwa hati safi, akachora picha za vyombo vyote, akayajalidi yakawa kitabu. Kisha akampelekea Davy kitabu hicho pamoja na barua ya kuomba kazi yoyote ya sayansi.

Davy alimjibu kwa upole, lakini nafasi haikuwapo. Alimshauri aendelee na ufundi wake wa vitabu, kwa maana sayansi haina fedha. Faraday alingoja. Baada ya miezi michache msaidizi wa maabara alifukuzwa kazi kwa sababu ya ugomvi, na Davy akamkumbuka yule kijana wa kitabu. Tarehe 1 Machi, 1813, Faraday aliajiriwa. Alipewa mshahara wa shilingi 25 kwa juma na vyumba viwili vya juu vya kulala. Kazi yake ilikuwa kuosha chupa, kuwasha moto na kutayarisha vifaa. Hakuona kazi hiyo kuwa duni. Kila chupa aliyoiosha ilimfundisha kitu.

Majaribu ya Moyo

Usidhani kwamba tangu hapo njia ilikuwa nyeupe. Tangu mwaka 1813 hadi mwaka 1815 Davy alisafiri Ulaya pamoja na mkewe, naye Faraday akafuatana nao. Safarini alifanywa mtumishi wa kubeba mizigo na kupanga nguo, na mke wa Davy alimdharau kwa sababu ya umaskini wake. Mara kadhaa nusura arudi nyumbani. Lakini katika safari hiyo aliwaona wanasayansi wakubwa wa Ufaransa na Italia, nayo ilikuwa shule yake.

Mwaka 1821 Faraday alifaulu kuufanya waya wenye umeme uzunguke sumaku bila kusimama. Hiyo ndiyo mashine ya kwanza ya kugeuza umeme kuwa mwendo. Badala ya kusifiwa tu, alishutumiwa kwamba amechukua wazo la mwanasayansi mwingine bila kumtaja. Shutuma hiyo ilimwuma sana, maana uaminifu ndio mali pekee aliyokuwa nayo. Mwaka 1823 alipopendekezwa awe mwanachama wa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza, mpinzani wake alikuwa Davy mwenyewe, mwalimu wake aliyekuwa rais wa chama hicho. Hata hivyo wanachama walimchagua mwaka 1824. Faraday hakulipiza kisasi. Alipomtaja Davy, alimtaja kwa heshima, hata baada ya Davy kufariki mwaka 1829.

Mwaka 1825 alifanywa mkuu wa maabara ile ile aliyoingia kuosha chupa. Mwaka huo huo aligundua kimiminika kiitwacho benzini. Mwaka 1831 aligundua kwamba sumaku inaposogea karibu na waya uliokunjwa, umeme huzaliwa ndani ya waya. Mitambo ya Kidatu na Mtera nchini Tanzania huzalisha umeme kwa kanuni hiyo hiyo: maji huzungusha gurudumu, gurudumu huzungusha sumaku, na umeme hupatikana.

Barafu Iliyozuia Umeme

Sasa twaja kwenye habari ya chumvi na sukari. Mapema mwaka 1833 Faraday alikuwa akijaribu kupitisha umeme katika barafu. Alijua kwamba maji aliyoyatumia yalipitisha umeme. Barafu nayo ni maji yaliyoganda. Kwa hiyo alitazamia kwamba barafu nayo itapitisha. Alishangaa kuona kwamba mshale wa chombo cha kupimia umeme haukutikisika hata kidogo. Barafu ilipoyeyuka, mshale ukasogea. Ilipoganda tena, ukatulia.

Mtu mwingine angalisema kwamba chombo kimeharibika, akaendelea na kazi yake. Faraday aliiacha kazi aliyokuwa akiifanya, akajiuliza: je, ni barafu peke yake, au viko vitu vingine vya namna hiyo?

Alichukua kampaundi ya risasi na klorini, ambayo ni kitu kigumu cheupe. Kampaundi ni kitu kilichofanyika kwa kuungana kwa elementi mbili au zaidi. Aliipima ikiwa ngumu: umeme haukupita. Aliitia motoni mpaka ikayeyuka, akachovya waya mbili za platini: umeme ukapita kwa nguvu. Alipoiacha ipoe na kuganda, umeme ukakoma. Kisha akajaribu vitu vingi, kimoja baada ya kimoja, na chumvi tunayotia katika mboga ilikuwa mojawapo. Vingi vilifanya vivyo hivyo. Vikiwa vigumu vilizuia umeme, na vikiyeyuka viliupitisha.

Lakini hapa ndipo palipo na fundisho kubwa. Faraday hakutosheka na vitu vilivyokubaliana na wazo lake. Alitafuta vile ambavyo vingelikataa. Aliyeyusha sukari: umeme haukupita. Aliyeyusha kiberiti cha manjano, kafuri, nta ya nyangumi na mafuta ya nazi yaliyoganda. Vyote viliyeyuka vizuri, na hakuna hata kimoja kilichopitisha umeme. Akaandika orodha zote mbili kwa uaminifu, ile ya vinavyopitisha na ile ya visivyopitisha.

Kwa njia hiyo vitu vinavyofanana machoni viligawanyika katika jamaa mbili. Chumvi ilikwenda upande mmoja, na sukari upande mwingine.

Majina Mapya

Mwaka 1834 Faraday aliona kwamba anahitaji maneno mapya ya kuelezea mambo aliyoyaona. Kwa kuwa hakujifunza Kigiriki, alimwandikia mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, William Whewell, amsaidie. Hakuona haya kuuliza. Wote wawili walipata maneno ambayo yanatumika mpaka leo duniani kote.

Vijiti au waya zinazoingiza umeme katika kimiminika ziliitwa elektrodi. Elektrodi ya upande wa chanya iliitwa anodi, na ya upande wa hasi iliitwa kathodi. Kitu kinachopitisha umeme kikiwa kimeyeyuka, kisha chenyewe kikavunjika, kiliitwa elektroliti. Chembe zinazosafiri ndani ya kimiminika kwenda kwenye elektrodi ziliitwa ioni. Asili ya neno hilo ni Kigiriki, na maana yake ni kitu kinachokwenda. Chumvi, basi, ina ioni. Sukari haina.

Faraday alipima pia kiasi cha metali kinachojitenga kwenye elektrodi. Aligundua kwamba umeme ukiongezwa mara mbili, metali nayo huongezeka mara mbili. Viwanda vinavyopaka vijiko na vikombe fedha kwa umeme hutumia kanuni hiyo.

Siku za Mwisho

Faraday alipenda sana kuwafundisha watoto. Kila wakati wa Krismasi taasisi yake iliandaa mafunzo kwa ajili ya vijana. Kati ya mwaka 1827 na mwaka 1860 Faraday aliyatoa mara kumi na tisa. Mafunzo yake mashuhuri zaidi yalihusu mshumaa mmoja tu. Kwa kuuwasha mshumaa huo aliwaonyesha watoto jinsi nta inavyoyeyuka kwa joto dogo, inavyopanda katika utambi, na inavyogeuka kuwa mvuke unaowaka.

Alipokuwa mtu mzima mwenye sifa, aliombwa mara mbili awe rais wa Royal Society, kile kile chama ambacho Davy hakutaka aingie. Alikataa mara zote mbili. Alikataa pia kupewa cheo cha heshima cha Sir. Alitaka kubaki Michael Faraday tu. Uzeeni kumbukumbu yake ilipungua, na ilimpasa kuandika kila jaribio katika daftari ili asilirudie. Mwaka 1858 Malkia Victoria alimpa nyumba ya kukaa mahali paitwapo Hampton Court, na huko alifariki akiwa amekaa kitini tarehe 25 Agosti, 1867. Alizikwa katika makaburi ya Highgate, London.

Waliomalizia Kazi Yake

Faraday aliona kwamba chumvi na sukari ni tofauti, lakini hakuweza kueleza sababu yake yote. Alidhani kwamba ni umeme unaoivunja chumvi kuwa ioni. Mwaka 1884 kijana wa Sweden, Svante Arrhenius, aliandika tasnifu juu ya vimiminika vinavyopitisha umeme. Walimu wake waliipa maksi za chini. Mwaka 1887 alieleza wazi kwamba chumvi ikiyeyuka majini, ioni zake hutengana zenyewe, kabla umeme haujaletwa. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Mwaka 1897 J. J. Thomson wa Uingereza aligundua elektroni, chembe ndogo sana zenye umeme hasi zilizomo katika kila atomu. Mwaka 1916 Walther Kossel wa Ujerumani na Gilbert Lewis wa Marekani walitumia habari za elektroni kueleza jinsi atomu zinavyoungana. Ziko njia mbili kubwa.

Njia ya kwanza ni kupeana. Katika chumvi, atomu ya sodiamu humpa jirani yake, atomu ya klorini, elektroni moja. Sodiamu iliyotoa hubaki na umeme chanya, na klorini iliyopokea huwa na umeme hasi. Hizo ndizo ioni. Chanya na hasi huvutana kwa nguvu nyingi, zikajipanga safu kwa safu kama matofali ya ukuta. Kampaundi za namna hiyo huitwa kampaundi za ioni.

Njia ya pili ni kushirikiana. Atomu mbili huchangia jozi ya elektroni, kama majirani wawili wanaotumia kisima kimoja. Atomu zilizoshirikiana hufanya kundi liitwalo molekuli. Molekuli moja ya sukari ina atomu 12 za kaboni, 22 za hidrojeni na 11 za oksijeni. Atomu hizo zimeshikana imara ndani ya molekuli, lakini molekuli moja haishikani sana na jirani yake. Kampaundi za namna hiyo huitwa kampaundi za kovalenti.

Jinsi ya Kuzitambua

Sasa waweza kuelewa kwa nini jamaa hizi mbili zina tabia tofauti.

1. Kuyeyuka kwa moto. Kampaundi za ioni huhitaji joto kali, kwa maana ioni zote zimevutana kwa nguvu. Chumvi huyeyuka kwenye nyuzi 801 za Sentigredi. Moto wa jiko la kawaida hauiyeyushi. Kampaundi nyingi za kovalenti huyeyuka kwa joto dogo. Nta ya mshumaa huyeyuka hata kabla maji hayajachemka. Nyingine, kama maji na spiriti, ni vimiminika tayari.

2. Kupitisha umeme. Kampaundi za ioni zikiwa ngumu hazipitishi umeme, kwa sababu ioni zimefungwa mahali pake. Zikiyeyuka kwa moto au majini, ioni hupata nafasi ya kwenda, na umeme hupita. Kampaundi nyingi za kovalenti hazina ioni, kwa hiyo hazipitishi umeme zikiwa ngumu wala zikiwa zimeyeyuka.

3. Ugumu. Punje ya chumvi ya mawe ni ngumu, lakini ukiipiga nyundo hupasuka vipande vyenye nyuso bapa. Nta ni laini, nayo hukatika kwa ukucha.

4. Kuyeyuka majini. Kampaundi nyingi za ioni huyeyuka majini na haziyeyuki katika mafuta ya taa. Kampaundi nyingi za kovalenti, kama nta na samli, haziyeyuki majini. Lakini sukari ni ya kovalenti nayo huyeyuka majini. Kwa hiyo alama hii peke yake haitoshi.

Kumbuka pia kwamba kila kanuni ina mipaka yake. Mchanga wa silika ni kampaundi ya kovalenti, lakini huyeyuka kwa joto kali kuliko chumvi, kwa sababu atomu zake zote zimeungana kama wavu mmoja mkubwa. Siki nayo ina kampaundi ya kovalenti ambayo, ikiwa majini, hutoa ioni chache na kupitisha umeme kidogo. Kwa sababu hiyo mwanasayansi hatoi hukumu kwa alama moja. Hutazama alama kadhaa, kisha ndipo aamue. Hivyo ndivyo alivyofanya Faraday.

Majaribio

Fanya majaribio haya pamoja na mwalimu wako.

Jaribio la kwanza. Tia sukari kidogo katika kijiko cha chuma na chumvi kidogo katika kijiko kingine. Funga mpini wa kila kijiko kwa kitambaa kinene. Viweke vyote juu ya makaa ya moto. Tazama ni kipi kinachoyeyuka upesi, kikageuka rangi ya kahawia, na mwisho kikawa cheusi. Chumvi yaweza kulialia na kuruka kwa sababu ya maji yaliyomo ndani yake. Kwa hiyo usiinamishe uso juu ya kijiko.

Jaribio la pili. Chukua penseli mbili zilizochongwa ncha pande zote mbili. Unganisha betri tatu za tochi kwa mfuatano. Funga waya moja kutoka kila upande wa betri kwenye kiini cheusi cha kila penseli. Chovya ncha za chini za penseli katika kikombe chenye maji safi ya mvua yaliyotiwa sukari. Je, waona mapovu? Osha penseli, kisha uzichovye katika maji ya mvua yaliyotiwa vijiko viwili vya chumvi. Waona nini sasa? Fungua madirisha, usinuse mapovu, na ukomeshe jaribio baada ya dakika mbili.

Hadhari: Tumia betri za tochi tu. Kamwe usitumie umeme wa nyumbani. Umeme huo unaua.

Maswali

1. Kwa nini Faraday alianza kufanya kazi akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu?
2. Faraday alifanya nini ili Davy amjue? Eleza kwa mpango.
3. Katika betri yake ya mwaka 1812, karatasi ziliyoloweshwa maji ya chumvi zilikuwa na kazi gani? Maji ya sukari yangefaa?
4. Chumvi ikiwa ngumu haipitishi umeme, lakini ikiyeyuka huupitisha. Toa sababu.
5. Faraday alijaribu pia vitu ambavyo havikukubaliana na wazo lake. Hilo lina faida gani katika sayansi?
6. Umepewa unga mweupe usioujua. Unayeyuka majini, maji yake yapitisha umeme, na motoni hauyeyuki. Huenda ukawa wa jamaa gani? Ungefanya jaribio gani jingine kabla ya kuamua?
7. Panga vitu hivi katika jamaa mbili: chumvi, sukari, nta, maji, kampaundi ya risasi na klorini, kafuri.